Mlango Alioufunga Lotari

Beira, nchi ya Wareno

Kwa Baba na Mama, nyumbani Litembo,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Skolastika mdogo wangu, najua wewe ndiye unayesoma kwa sauti, maana Baba na maandishi hawajawahi kupatana, hujambo. Mimi Kanisius ni mzima wa mwili. Natumaini kifua cha Mama kimepoa baada ya ukungu wa mwaka huu, na kwamba Baba bado anashuka bondeni kwa miguu yake na bado anamfokea anayetaka kumshika mkono. Kahawa najua imeanza kuiva, na nyani wameanza ukorofi wao.

Kabla sijafika mbali nina neno, Skolastika, na ulisome mara mbili. Mtu aliyewaletea barua hii ni Lotari, yule Mnyasa wa Mbamba Bay aliyekuposa. Msimpe chakula bado. Msimfukuze pia. Aketi hapo alipo, nje ya sengu wanamokula wanaume na kukata mashauri, mpaka barua iishe. Maji ya kunywa apewe, kwa sababu amepanda mlima. Yaliyomo humu anayajua. Nilimsomea yote kabla sijaifunga, na akasema niandike hivyo hivyo.

Alanus amekufa. Mama, nimejaribu kuliandika neno hilo kwa kuzunguka, kama mtu anayemzunguka mbwa mkali, nikaona ni kukutesa zaidi. Mwanao wa mwisho amekufa kwa maji, ndani ya meli, nyuma ya mlango wa chuma, na aliyeufunga mlango huo ni Lotari. Baba, ninachokuletea ni shauri. Sengu ya nyumbani iseme kama Lotari ameua au hakuua. Sisi huku tumeshindwa. Skolastika, sauti ikikukwama pumzika, lia, halafu endelea. Usimpe mwalimu wa dini akusomee, maana hii ni habari ya nyumba.

Sasa nianze na hiyo meli, kwa kuwa asiyeijua hawezi kuhukumu.

Baba, wewe ulituhadithia siku ile Waingereza walipoipiga mzinga meli ya Wadachi pale Liuli, jinsi ulivyotupa mzigo wa watu ukalala kifudifudi ndani ya mihogo. Basi ile meli ya Wadachi ungeweza kuitia ndani ya hii yetu, ukafunga kifuniko, na nafasi ikabaki. Ni manowari ya Waingereza ya zamani, ya enzi za yule malkia wao aliyeonekana kwenye rupia. Imelala juu ya tope mdomoni mwa mto, mbele kumeelekea baharini, na kazi yetu ni kuikata vipande ili chuma kiuzwe. Tuliikata mwaka mzima na bado imebaki kubwa kuliko kanisa.

Mlinzi wake ni mzee mmoja wa Unguja aitwaye Farjalla. Ujana wake wote aliumaliza humo ndani akichochea moto, na ilipouzwa aliuzwa nayo, hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe, akicheka kwa jino lake moja. Yeye ndiye aliyetufundisha kuisoma. Waliounda meli hii, alisema, walikuwa waoga wa kila kitu. Waliogopa mizinga, wakaivika mshipi wa chuma wenye unene wa shibiri na zaidi, na nyuma ya chuma wakapanga mbao za msaji nene kama ukuta wa boma. Waliogopa moto wa boila utawazimikia, wakaweka na milingoti mitatu na matanga. Basi ikawa nzito mno kwa upepo na taratibu mno kwa moto. Katikati walijenga sanduku la chuma, ndimo ilimokaa mizinga, na kila mzinga ulilishwa kwa mdomo: baruti kwanza, halafu risasi yenye uzito wa wanaume wawili. Mbele, chini ya maji, waliiwekea pembe ya kutobolea meli za watu.

Na waliogopa kuzama. Kwa hiyo chini kabisa waliigawa vyumba vya mraba, matuta na mashimo, matuta na mashimo, ukiwa juu unatazama utasema ni shamba la ngolo la kwetu mlimani lililomwagiwa lami. Juu ya hivyo vyumba vidogo kuna vikubwa, na kati ya chumba kikubwa na kingine kuna mlango. Mlango wenyewe haufunguki kama wetu. Unashuka kutoka juu kama kisu, kwa kuzungusha gurudumu. Chumba kimoja kikitoboka, unaushusha mlango, maji yanabaki kule na meli inaendelea kuelea. Waliokuwa kule, basi.

Farjalla aliyaona hayo. Manowari hii ilipiga miji, Baba. Kuna mji mmoja wa pwani ya juu ambao ilisimama mbele yake tangu asubuhi hadi adhuhuri ikitema moto, kwa kosa la mfalme wa pale kukataa jambo fulani ambalo Farjalla hakuwahi kuambiwa. Yeye alikuwa chini akitupa makaa. Kila mzinga ulipolia masizi yaliwamwagikia, na damu ikawatoka masikioni. Walipopewa ruhusa ya kupanda kuvuta hewa aliona ufuko, na juu ya ufuko vipande, na hakujua kipi kilikuwa cha mbuzi na kipi cha mtu. Lakini meli ya adui, katika umri wake wote, pembe ile haikutoboa hata moja. Ilimtoboa mwenzake tu, manowari ya Waingereza hao hao, katika mazoezi, siku ya ukungu. Na kwa kishindo hicho pua yake yenyewe ikapasuka, bahari ikaingia, na ofisa mmoja akaushusha mlango huku wachochea moto watano wakiwa upande wa maji. Farjalla alikuwa upande mkavu. Alisema waligonga kwa koleo zao muda wa kutosha mtu kula chakula chake na kunawa.

Ofisa yule walimpa nishani. Baadaye manowari ikazeeka, wakaing'oa mizinga, wakaikata milingoti, ikawa ghala, ikawa gereza, ikawa bohari ya makaa ya mawe, mwisho Wareno wakaivuta mpaka hapa. Farjalla akaja nayo, na kila Ijumaa akaendelea kuipaka mafuta milango yake. Tulimcheka. Nani anapaka mafuta milango ya nyumba inayobomolewa?

Kazi yenyewe ni vita. Unakata kichwa cha ribiti, ule msumari mnene unaoshikanisha mabamba, kwa tindo na nyundo, na kikikatika kinaruka. Kimempofusha Msena mmoja jicho mbele yangu. Mnyororo ulipokatika ukiwa umebeba bamba la mshipi, ulimfagia Mlomwe mmoja miguu yote miwili juu ya magoti, naye akabaki ameketi anatutazama kwa mshangao, kama mtu aliyeibiwa. Msimamizi wetu, tunamwita kapitao, ni mtu mweusi kama sisi na hiyo ndiyo inayouma. Ana kibao cha mviringo chenye matundu, wanakiita palmatoria. Ukichelewa unakinga viganja, na matundu yale yanavuta nyama ndani kila pigo. Mtu akishapigwa hawezi kushika kijiko kwa siku kadhaa, lakini nyundo anaambiwa aishike.

Watu wa kwetu tulikuwa kundi zima: wa Litembo, wa Mapera, wa Kingerikiti, na Lotari wa ziwani. Kwa kuwa mimi nilikuwa mkubwa wao, nilisimamisha sengu humo humo ndani ya manowari. Farjalla aliniuliza ni kitu gani hicho, nikamweleza kwamba kwetu wanaume wa ukoo hawali kila mtu na sahani yake kama kuku. Wanakula pamoja, mahali pamoja, na mwenye ugomvi anaeleza ugomvi wake hapo hapo kabla ya kuonja, na hakuna anayegusa ugali wakati mwenziwe hayupo. Alitikisa kichwa akasema kwao pia watu walikula sinia moja, lakini hawakungojana mpaka chakula kipoe. Tulikuwa tukila chumba cha katikati, palipokuwa na boila, maana ukikaa juu kapitao anakuona umekaa. Ngazi ya chumba hicho tulikuwa tumekwisha kuikata ikauzwe. Ili kuingia ulipitia chumba cha mbele, ukavuka mlango ule, ukawa ndani. Juu kulibaki tundu la kushushia minyororo tu.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa ambalo ni sisi tu tungelifanya. Walomwe na Wasena wanakula kwa zamu, mmoja anabaki juu kutazama maji. Bahari hapa si kama ziwa letu, Baba. Inaondoka na kurudi kila siku, asubuhi unatembea juu ya tope na mchana mahali pale pale panapita jahazi. Sisi hatukuacha mtu juu. Kumwacha mwenzio juu na njaa wakati wewe unatafuna, hilo hata mbele ya kapitao tusingeweza. Tulishuka wote.

Isipokuwa Lotari hakuja kula. Yeye na Alanus walikuwa wamepigana siku mbili kabla. Alanus, mnamjua ulimi wake, alikuwa akimwambia Lotari kwamba dada yetu ataolewa na mtu anayenuka dagaa na kwamba watoto watazaliwa na magamba. Miezi yote Lotari alikuwa akicheka. Siku ile hakucheka. Alimpiga Alanus kwa kiwiko, Alanus akamrudishia kwa mtaimbo mdomoni, jino likaruka, wakaviringishana juu ya makaa hadi tukawamwagia maji kama mbwa. Lotari akasema mbele ya watu wote, "Siku moja utaniita mlamu, na mimi sitaitika." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na yameandikwa hapa kama alivyoyasema. Skolastika, wewe unajua kwamba shemeji aliyekwisha toa majembe yote ya mahari tunamwita mlamu kwa heshima, na Alanus alikuwa amekataa kulitamka.

Asubuhi ya siku ya msiba tulikata kipande cha pua, chini, karibu na pembe. Kapitao hakutaka tupoteze muda kukiziba kwa bamba. Alisema tuweke mbao na turubai, inatosha. Farjalla akasema leo ni bamvua, maji yatakuja makubwa. Kapitao akamuuliza kama yeye ndiye mwenye bahari.

Mchana tukateremka. Ugali ukawekwa. Lotari hayupo, siku ya pili bila kula na wenzake. Nikawatazama watu na watu wakamtazama Alanus, maana Baba ulitufundisha: uliyegombana naye, kamwite wewe, kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtu. Sikumwambia neno. Aliinuka mwenyewe akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Basi nikamlete huyo samaki." Ditriki wa Mapera akacheka. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, tulisema, na tukangoja.

Alanus alivuka mlango akaenda mbele, kwa sababu Lotari hufanya kazi mbele. Lakini Lotari hakuwa mbele. Alikuwa upande wetu, karibu na mlango, ameketi gizani ndani ya kisanduku cha makaa. Alimwona Alanus akipita. Alisikia akiita, "Lotari, njoo tule." Akanyamaza. Aliniambia hivi mwenyewe: "Nilitaka aite zaidi. Nilitaka anitafute mpaka achoke." Hakuna aliyemwona, Baba. Angeweza kutuambia lolote.

Ndipo mbao zikapasuka. Sikufikiri ni maji. Nilifikiri ni mzinga. Lotari akatoka kisandukuni akaona bahari inakuja kwa urefu wa kiuno, na mbele yake, anasema, umbali kama wa kutoka mlango wa kanisa la Litembo hadi altareni, Alanus anakimbia, anaanguka, anainuka. Mtu wa ziwani anajua mwendo wa maji. Akatazama maji, akamtazama Alanus, akashika gurudumu. Mlango ulishuka kwa wepesi. Ulikuwa umepakwa mafuta Ijumaa.

Tulifika mlangoni pamoja na mlio wa kwanza. Alanus alikuwa na nyundo yake. Alipiga mapigo mazito, ya mtu mwenye nguvu, na sauti yake ikapita kwenye chuma kama inatoka kisimani. "Mlamu. Mlamu, ni mimi. Fungua kidogo tu." Lotari alikuwa amekumbatia gurudumu kwa mikono miwili, amefumba macho, na maji yalikuwa yanatufikia miguuni kupitia kwenye ufa wa mlango. Nilimwambia afungue. Hakufungua. Nikampiga ngumi. Nikachukua spana kubwa ya boila nikampiga mkono wa kushoto, nikasikia mfupa, na mkono ukalegea, akalishika gurudumu kwa wa kulia na kulikandamiza kwa kifua. Nikampiga begani. Nikampiga kichwani, damu ikamfunika uso wote. Hakunirudishia hata pigo moja. Alikuwa akisema, "Tutakufa wote, kaka. Tutakufa wote." Na upande wa pili mdogo wangu anagonga. Nilikuwa nimeinua spana mara ya mwisho, na hiyo ingemmaliza, Ditriki akanikaba shingo kutoka nyuma na wengine wakanikalia. Watu wa sengu yangu walinikalia, Baba, usoni nikiwa ndani ya maji machafu, mpaka mapigo yakawa mepesi, yakawa ya mtu anayebisha hodi, yakaisha.

Farjalla alisikia kelele akashusha mnyororo kwenye tundu, akatutoa mmoja mmoja. Lotari alitoka wa mwisho.

Jioni bahari ilipoondoka tulifungua. Alanus alikuwa amesimama. Vidole vyake vilikuwa vimeingia kwenye ufa wa kando ya mlango, mahali ambapo hata kisu hakiingii, na tulipata shida kuvitoa. Kucha hazikuwapo. Mama, uso wake ulikuwa mzima, haukuwa na jeraha. Nilimwosha mimi mwenyewe kwa maji ya kunywa, si ya bahari. Tulimzika kwenye makaburi ya Wakristo nyuma ya reli, Ditriki akasoma sala kwa Kimatengo ili asikie lugha ya nyumbani. Rozari yake na shati lake la Jumapili anavyo Lotari katika kifurushi.

Kesho yake kapitao alikuja na sipai wawili, hao ni askari wa Wareno. Alitaka Lotari achukuliwe kama mwuaji apelekwe visiwani, mahali ambapo watu hawarudi. Nilielewa haraka: Lotari akiwa mwuaji, mbao na turubai zinasahauliwa. Akaniuliza mimi, ndugu wa marehemu, kama ni kweli Lotari na Alanus walikuwa maadui. Ningesema ndiyo tu, yote yangekwisha. Na nilitamani kusema. Ulimi ulikuwa umekwisha kunyooka. Lakini nikamwona huyu mtu wa palmatoria anataka kula kwa msiba wangu, nikasema hiyo ni habari yetu. Aliponisukuma nilimpiga ngumi moja akakaa juu ya ribiti. Nimelipa. Viganja vyangu vyote viwili vimepasuliwa, ndiyo sababu mwandiko huu umepinda, na nimeongezewa muda wa kazi mpaka meli iishe. La sivyo ningekuja mwenyewe.

Kisha tukakaa sengu juu ya deki, chakula kikiwa katikati hakijaguswa. Ditriki akasema, "Pasipo Lotari sote tungekuwa chakula cha kaa." Mtu mmoja wa Kingerikiti akasema, "Lakini alimwona mtoto akipita akanyamaza. Angeitika, wangekuwa wote upande wetu, mlango ukafungwa bila mtu nyuma yake." Mwingine akakumbusha maneno ya ugomvi, kwamba hataitika. Lotari aliulizwa kama alitambua ni nani anayegonga. Angesema hapana, nani angembishia? Akasema, "Nilimtambua. Aliniita mlamu. Nilitaka kuitika nikaogopa nikiitika mikono itafungua." Chakula kilipoa hadi nzi wakakichoka. Mimi mkubwa wa sengu ndiye mwenye maiti, na mwenye maiti hakati shauri. Farjalla, ambaye tulimruhusu kusikiliza, alisema kwao Waingereza jambo hili lilikwisha kwa nishani. Nikamwambia sisi hatuna nishani, mzee. Sisi tuna ugali, na mtu anapewa au hapewi.

Lotari akasema ataenda mwenyewe kwa Baba. Nilicheka, kicheko kibaya. Nilimwambia, "Utashuka Mbamba Bay, mama yako anaishi pale pale ufukweni meli inapotia nanga, utaingia kwake ufunge mlango. Wewe ni fundi wa milango." Akaniomba tu niandike kila kitu, pamoja na kule kunyamaza kwake.

Kwa hiyo, Baba, kama barua hii inasomwa, mjue mtu huyu alitoka Beira kwa garimoshi, akapanda meli ziwani, akashuka Mbamba Bay, akaiona nyumba ya mama yake, akaipita. Akapanda mlima kwa miguu na mkono uliopinda. Huo mkono ni kazi yangu. Sijuti, wala sijivuni.

Nimekaa usiku na mchana na swali moja. Kama mlangoni ningekuwa mimi, na nyuma angekuwa Lotari, ningefunga bila kupepesa, na mngenisifu. Na kama mlangoni ningekuwa mimi, na nyuma Alanus, nisingefunga, na leo mngekuwa mnalia watoto wawili, na Mapera na Kingerikiti wangekuwa wanalia wa kwao. Zaidi ya hapo akili yangu haiendi. Namchukia, Baba. Na bado sikuweza kumpa Mreno.

Skolastika, wewe una shauri lako peke yako. Ukimrudishia majembe yake ni haki, na ukiyaacha ni haki. Usiamue leo kwa sababu watu wanakutazama.

Mnisalimie mjomba wa Mapera mwenye mizinga ya nyuki, mwambieni Ditriki ni mzima na ndiye aliyenikaba. Nisalimieni shangazi mkunga, aliyempokea Alanus kwa mikono yake. Mumwambie polepole, na asiambiwe akiwa peke yake. Babu fundi chuma, salamu zake. Padri aombwe misa ya Alanus, na mama yake Lotari pale ufukweni apelekewe habari kwamba mwanawe alipita kwake akiwa hai, asije akasikia njiani.

Mama, nimekuweka mwisho kwa sababu ndiwe nisiyejua la kukuambia. Siku ile ulikuwa na mtoto upande huu wa mlango na mtoto upande ule. Baba na wazee watasema lao, lakini chungu kiko mkononi mwako. Ukimpa Lotari chakula sitakulaumu, ukimnyima sitakulaumu. Ila niambie mimi nifanye nini na uhai huu, maana nami nimeupata kwa mlango ule ule.

Mwanenu aliyebaki,
Kanisius